Kuunda Spitfire ya 1/72 hatua kwa hatua, na kwa nini stika zako zinang'aa fedha

Juzi dogo mmoja kaniletea Spitfire yake, modeli ya plastiki ya ile ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili, kwenye boksi la viatu. Kaiunda vizuri tu, maungio hayaonekani, mabaka yametulia, ila stika zote zinang'aa kama ile karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Analalamika kauziwa stika mbovu. Nikamwambia stika hazina kosa, kosa liko kwenye rangi iliyo chini yake, na nalijua kwa sababu ndege yangu ya pili niliiua hivohivo. Tumekaa tukaianza nyingine pamoja, na hivi ndo tulivyoenda. Hatua ya 6 ina maneno mengi kuliko zote, mnisamehe.

Ndege yenyewe ni Spitfire Mk IX ya mwaka 1944. Ya kweli ina mita 11.23 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, kwa hiyo kwenye 1/72, yaani modeli iliyopunguzwa mara 72, unapata kama sentimita 15.6, inakaa kiganjani.

Hatua ya 1: Kuosha na kukata
Osha fremu zote, zile za plastiki zilizoshika vipande, na sabuni ya vyombo, acha zikauke. Vipande usivinyonge kwa mkono, kata na plaizi ndogo, kibaki kijisehemu halafu ukimalizie na wembe na msasa.

Hatua ya 2: Chumba cha rubani
Kijani chenye ukijivu, kiti, mikanda. Mikanda nakata vipande vyembamba vya maskintepu, inatosha kabisa. Kuna watu wanamaliza wiki mbili humu ndani afu wakifunga kioo kinaonekana kichwa cha kiti tu. Mi dakika arobaini, basi.

Hatua ya 3: Gundi
Tumia gundi ya maji inayoyeyusha plastiki, ile ya chupa yenye kibrashi. Mi natumia Tamiya ya kifuniko cha kijani, sibadilishi. Gundi ya tyubu siitaki mezani kwangu, inavuta nyuzi kama asali na ikidondokea kwenye bawa imekula hapo. Shikilia vipande viwili pamoja, gusisha kibrashi kwenye ufa, gundi inakimbia yenyewe ndani.

Ila kabla ya gundi jaribisha kwanza, hasa pale bawa linapokutana na bodi, maana Spitfire nyingi zinaacha mwanya hapo. Kabla ya kukimbilia puti, vuta tepu kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili ikipita juu, mabawa yatanyanyuka kidogo na mwanya unajifunga wenyewe. Iache usiku kucha.

Hatua ya 4: Kioo
Gundi nyeupe ya mbao. Superglu ina mvuke unaoganda kwenye kioo kama ukungu na hautoki. Ziba vioo na tepu kabla ya rangi.

Hatua ya 5: Rangi
Praima nyembamba ya kijivu kwanza, inakuonyesha mikwaruzo yote uliyojidanganya kwamba umeisugua. Halafu anza na rangi nyepesi kwenda nzito: njano ya ukingo wa mbele wa mabawa, tumbo Medium Sea Grey, mgongo Ocean Grey, mwisho mabaka ya Dark Green. Kwa mabaka nasokota udongo wa kubandikia karatasi ukawa kama minyoo, naupanga juu ya ndege kufuata mchoro, napuliza na eabrashi, ile bunduki ndogo ya kupulizia rangi. Huna eabrashi? Brashi pana, rangi iliyozimuliwa, mikono mitatu myembamba, na usirudie sehemu iliyoanza kukauka.

Ukitaka ile mistari myeusi na myeupe ya uvamizi wa Normandy kule Ufaransa, ya kweli ilikuwa na upana wa inchi 18, kwenye 1/72 ni milimita 6 na ushee, kwa hiyo tepu ya milimita 6 inakuokoa na rula. Ni mitano, nyeupe inaanza na nyeupe inamaliza. Paka nyeupe yote kwanza, ziba, afu nyeusi. Na ikipinda kidogo usilie, zile za kweli zilipakwa haraka haraka siku chache tu kabla ya 6 Juni 1944, nyingine kwa brashi za mkono, na kwenye picha unaona kabisa kingo zake zimeyumba.

Hatua ya 6: Stika za maji
Sasa tukae hapa. Rangi za kijeshi ni za mat, hazing'ai, na rangi ya mat ukiikuza ni kama msasa, ina vilima na mabonde. Ukilaza stika juu yake, hewa inabaki kwenye yale mabonde, mwanga ukipiga ile hewa ndo unaona fedha. Yaani hata stika iwe bora namna gani, juu ya mat itang'aa tu. Mi sikujua, nikazibandua kwa tepu saa saba usiku, zikatoka na rangi, na rangi ikatoka na praima.

Kwa hiyo vanishi ya kung'aa kwanza, ndege nzima, mikono miwili myembamba, na iache siku nzima. Siku nzima, siyo "naona imekauka". Pitisha ukucha sehemu ya tumboni isiyoonekana, ukiacha alama, rudi kesho.

Kata stika moja moja karibu na kingo zake. Maji ya uvuguvugu, sekunde kama ishirini, itoe, iweke juu ya kitambaa isubiri mpaka iteleze yenyewe. Usiiache ielee majini, gundi yake inabaki kwenye bakuli. Mahali inapokwenda paka Micro Set, maji ya kushikisha stika, telezesha stika kwa brashi, sogeza mpaka ikae sawa, halafu kandamiza na kitambaa chenye unyevu kutoka katikati kwenda nje. Juu yake Micro Sol, maji ya kulainisha stika, kidogo tu.

Na hapa ndo dogo alitaka kupiga kelele: baada ya dakika chache stika inakunjamana kama ngozi ya maziwa. USIIGUSE. Imelainika kama utando, ukiiwekea kidole inachanika palepale. Nenda kafanye kazi nyingine. Ikikauka inajinyoosha na kuzama kwenye mistari ya mabati, ile mifereji myembamba iliyochongwa kwenye plastiki, kana kwamba imepakwa. Zikibaki sehemu za fedha, toboa na ncha ya sindano, Micro Sol tena, subiri tena. Stika za zamani zinapasuka zikigusa maji, jaribu kwanza ile usiyoihitaji.

Ile ndege ya kwanza ya dogo, ambayo stika zake zilikuwa zimeshakauka na fedha, tumeitoboa hivohivo mara nne, imepungua ila haijaisha yote.

Hatua ya 7: Kumalizia
Futa na maji, vanishi ya kung'aa tena kuziba stika, rangi nyeusi ya mafuta kidogo kwenye mistari ya mabati, na nasema kidogo, kwenye 1/72 ndege yenye mistari myeusi tii inafanana na kigae cha bafuni. Kisha vanishi ya mat, toa tepu za kioo, magurudumu, propela. Kijiti cha antena nyuma ya rubani kiwe cha mwisho kabisa, mi nimeshavunja vitatu kwa mkono wa shati.