Somo: Umefunga diski mpya, kompyuta imekata kauli

Anayeleta mashine kwa fundi hapa Ngamiani, Tanga, baada ya kubadili diski mwenyewe huanza na sentensi moja: "Diski niliyouziwa ni mbovu." Mara nyingi diski haina kosa lolote. Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba kompyuta huwaka hata bila diski: feni zinazunguka, nembo inatokea, BIOS (ukurasa wa mipangilio uliomo kwenye ubao mama wenyewe) inafunguka. Somo lote linasimama hapo.

Hatua ya 1: Iwashe bila diski. Chomoa waya wa umeme. Kama ni laptopu, toa na betri ikiwa inatoka. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani uishe. Ondoa diski mpya, rudisha umeme, washa.

Isipowaka, kuna kitu mkono wako umekigusa wakati wa kufunga. Kwenye ya mezani, kagua waya mpana wa pini 24 unaoingia kwenye ubao mama, na ule mdogo wa prosesa wenye pini 4 au 8. Kisha toa RAM, kile kijibao cha kumbukumbu. Sisi tunaoishi na upepo wa bahari, hasa walio karibu na maji kule Raskazone, tunajua chumvi inavyokula chuma. Tazama yale meno ya rangi ya dhahabu kwenye mwanga: yakiwa yamefifia au yana madoa, yasugue taratibu kwa ufutio mweupe wa shuleni, pangusa vumbi lake, kisha irudishe. Kwenye kompyuta ya mezani isukume mpaka vibanio vijifunge vyenyewe.

Ikiwaka bila diski lakini ikazima ukiichomeka, diski au waya wake umepiga shoti. Acha kujaribu, utaunguza na kingine.

Hatua ya 2: Je, BIOS inaiona? Rudisha diski na uingie BIOS kwa kubonyeza kitufe chake mara tu unapowasha. Dell nyingi ni F2, HP ni F10, za kuunga kwa vipande mara nyingi ni Delete. Tafuta jina na ukubwa wa diski. Haipo? Diski ya SATA, ile ya kawaida ya kuchomekwa kwa nyaya, hutaka nyaya mbili: mwembamba wa data na mpana wa umeme. Kuna wanaochomeka mmoja tu. Badili waya, badili tundu.

Kwa zile SSD (diski za chipu, zisizozunguka) ndogo za M.2, zinazochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama, angalia kabla ya kununua: ya SATA na ya NVMe, ambayo ni ya kasi zaidi, zinaweza kukaa tundu lile lile, lakini si kila tundu linazisoma zote mbili.

Hatua ya 3: Inaonekana, lakini kioo kinasema "No bootable device". Jiulize kwanza ndani ya diski kuna nini. Diski ya kwenye boksi ni tupu, haina Windows. Iweke kwa flashi ya GB 8 au zaidi, basi.

Kama ulinakili diski ya zamani, hapo kuna kazi. Diski hugawanywa kwa mtindo mpya wa GPT au wa zamani wa MBR. Windows iliyo kwenye diski ya GPT huwashwa kwa UEFI, njia mpya ya kuwasha, ya MBR kwa Legacy, njia ya zamani. BIOS ikiwa upande mwingine, haitawaka. Ukinakili sehemu ya C peke yake, umeacha kile kipande kidogo cha EFI kinachoiwasha Windows, kwa hiyo nakili diski nzima. Na ukipata kioo cha buluu chenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, angalia humo BIOS modi ya SATA, yaani jinsi ubao mama unavyowasiliana na diski: ilikuwa RAID sasa ni AHCI, au kinyume chake.

Ukiwa humo BIOS, tazama na saa. Ikionyesha mwaka wa zamani, betri ya CR2032, ile ya duara kwenye ubao mama, imekwisha, na huenda mipangilio imejirudisha yenyewe ilivyotoka kiwandani. Ndiyo maana mashine iliyokuwa nzima jana inagoma leo.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Je, leseni ya Windows nitanunua tena?*
Marahaba. Leseni ya kidijitali imefungamana na ubao mama, haimo kwenye diski. Weka toleo lile lile, Home kwa Home, kisha unganisha intaneti.

*Diski yangu ya TB 4 inasoma 2 tu.*
Umeitengeneza kwa MBR, na ukomo wake ni kama TB 2. Hamisha vilivyomo, itengeneze upya kwa GPT.

*Kaka, niko Pongwe. Nimefunga SSD nikaiacha na ya zamani, bado inawaka polepole vile vile.*
Inawaka kwa ile ya zamani. Ichomoe, hakikisha SSD inawaka peke yake, ndipo uirudishe na kuiweka SSD juu kwenye mpangilio wa kuwasha.

*Fundi, baada ya kugusa BIOS inaniomba tarakimu 48. Sijawahi kuweka nywila kama hiyo!*
Hiyo ni BitLocker, dada, kufuli la Windows linalolinda data ya diski. Laptopu nyingi za sasa huiwasha zenyewe. Ingia kwa simu kwenye akaunti ya Microsoft uliyotumia kuanzisha mashine, ufunguo huhifadhiwa humo. Usipoupata, rudisha mipangilio ya BIOS kama ilivyokuwa na ujaribu tena. Diski ya zamani usiifute wala usimpe mtu mpaka uone faili zako zinafunguka kwenye mpya.