Kuunganisha nyaya za injini ngeni kwenye gari la zamani, hatua kwa hatua

Injini imeshakaa kwenye maunti, gea boksi imebanwa, mabomba ya rejeta yamefungwa. Kilichobaki ni furushi la nyaya juu ya madigadi, na gari ambalo maisha yake yote limejua kabureta, platini na koili moja. Hapa ndipo kazi nyingi hukwama kwa miezi, na mara nyingi sababu ni moja: mtu ameona wingi wa nyaya, ameingiwa na hofu, kisha ameshika koleo na kuanza kukata.

Furushi hilo linatisha kuliko lilivyo. Nyaya zake nyingi zinatoka kwenye sensa, nozeli na koili za injini na kuishia kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Hizo hazina habari na gari, ziache kama zilivyo. Zinazokutana na gari kwa kawaida hazifiki 20. Kazi yako ni kuzijua hizo chache, moja moja, kwa jina.

Hatua ya 1: Chukua kila kitu kutoka gari moja

Injini, wayaringi (lile furushi la nyaya) isiyokatwa, kontroli boksi, moduli ya koili na kipima hewa vitoke kwenye gari moja. Kama injini ina imobilaiza (kizuia wizi), chukua pia ufunguo wake, pete ya antena inayozunguka swichi ya funguo, na boksi lake kama liko peke yake. Ukiviacha, injini itawaka sekunde moja na kuzima, au haitawaka kabisa, na utahangaika na pampu ambayo haina kosa lolote.

Tafuta mchoro wa nyaya wa magari yote mawili. Kwenye mchoro fuata nafasi ya pini ndani ya soketi, usifuate rangi. Rangi hubadilika mwaka hadi mwaka hata kwa injini ileile.

Hatua ya 2: Tandaza na uandike majina

Itandaze wayaringi sakafuni kwa umbo ambalo itakaa nalo kwenye gari. Weka mita ya umeme kwenye mlio, ncha moja kwenye pini ya kontroli boksi, nyingine kwenye soketi ya upande wa pili. Ikilia, andika jina kwenye tepu ya karatasi, izungushie waya, kisha funika kwa tepu angavu. Bila hiyo ya pili, mikono yenye oili itafuta wino kabla ya jioni.

Chukua mfano wa boksi za Toyota za zamani, ambazo majina ya pini zake yanajieleza. BATT ni umeme wa kudumu unaotunza kumbukumbu. +B ni umeme mkuu unaopitia rilei, swichi inayoendeshwa na umeme. STA hupata umeme wakati wa kupiga stata tu. FC huvutwa kwenye ethi (njia ya umeme kurudi betri) na boksi ili rilei ya pampu ipitishe umeme. W ni taa ya injini kwenye dashibodi, SPD ni ishara ya mwendo, E1 ni ethi ya boksi, E2 ni ethi ya sensa. Ukishazipata hizi, umepata karibu mpaka wote kati ya injini na gari. Watengenezaji wengine wana majina yao, ila shughuli ni zilezile.

Zitabaki nyaya za vitu ambavyo gari lako halina, mfano kiyoyozi au taa za gia za otomatiki. Usizikate. Zikunje, zifunge pembeni mpaka injini iwe imetembea. Waya unaoonekana hauna kazi mara nyingine ndio unaoiambia boksi kwamba gia iko huru.

Hatua ya 3: Umeme wa ufunguo

Kontroli boksi inahitaji umeme wa kudumu, umeme wa ufunguo, na taarifa kwamba stata inapigwa. Wa pili ndio wenye mtego.

Niliwahi kupoteza siku mbili kwa injini moja. Napiga stata, inazunguka vizuri, haiwaki. Nikiachia ufunguo, inakohoa mara moja kisha kimya. Nilibadilisha sensa ya krenki, nikapima mgandamizo wa mafuta, nikafungua plagi zote. Mwishowe nikaingiza ncha ya mita nyuma ya pini ya umeme wa boksi nikamwomba msaidizi apige stata. Ufunguo ukiwa umewashwa tu: volti 12.4. Stata ikizunguka: sifuri. Nilikuwa nimeuchukua umeme kwenye waya wa feni ya dashibodi, ambao swichi huuzima wakati wa kupiga stata ili betri ipumue. Ule ukohozi ulikuwa boksi ikiamka baada ya ufunguo kurudi.

Kwa hiyo, pima waya wa ufunguo katika nafasi zote mbili kabla ya kuuchagua. Kwenye gari la kabureta, waya uliolisha koili ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini angalia kama hauna rezista (kipunguza umeme) njiani. Magari mengi ya platini yanayo, au waya wenyewe umetengenezwa kuwa rezista, na boksi itapata volti chache kuliko inavyotaka.

Swichi ya zamani isibebeshwe mzigo. Iache ichochee rilei tu. Kwenye rilei ya kawaida, 85 na 86 ni koili yake, 30 inapokea umeme kutoka betri kupitia fyuzi, 87 inatoa kwenda kwenye mzigo. Fyuzi iwe karibu na betri kadiri iwezekanavyo, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina wa kukilinda.

Hatua ya 4: Ethi

Kama nina muda wa kukagua kitu kimoja tu kwenye gari la mtu, nakagua ethi. Maunti ni za mpira, kwa hiyo injini imetenganishwa na bodi mpaka wewe uiunganishe. Weka waya mnene kutoka betri hadi kwenye bloku ya injini, mwingine kutoka bloku hadi chesisi, na mwingine kutoka betri hadi bodi. Kwangua rangi mpaka bati ling'ae, funga kwa boliti, kisha paka grisi juu yake kuzuia kutu.

Usikisie ubora wake. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, nyingine kwenye bloku, piga stata. Kinachosomeka ni volti zinazopotea njiani. Mimi sikubali zaidi ya 0.2. Rudia kwa pini ya ethi ya boksi injini ikiwa inaunguruma. Hapo hata 0.1 inanitia wasiwasi.

Ethi ya sensa, ile E2, usiiguse wala kuifunga kwenye bodi. Inarudi kwenye boksi peke yake ili kelele za koili zisichafue vipimo. Vivyo hivyo waya wa sensa ya krenki wenye ngao ya nyuzi: ngao hiyo huungwa ethi upande mmoja tu.

Halafu, magari kadhaa ya zamani, hasa ya Uingereza ya kabla ya miaka ya 1970, yalitoka kiwandani na nguzo chanya ya betri ikiwa ndiyo ethi. Thibitisha kabla hujaunga chochote. Boksi ikipata umeme kinyume hufa papo hapo.

Hatua ya 5: Chaji

Waya mnene wa B wa altaneta (jenereta inayochaji betri) uende betri moja kwa moja kupitia fyuzi kubwa. Kama dashibodi ina ampimita, usiupitishe huko. Ampimita hizo zilitengenezwa kwa dainamo ya ampia 20 au 30, na altaneta mpya inaweza kutoa 80. Nimeona nyuma ya dashibodi iliyoungua kwa njia hiyo, plastiki imetiririka juu ya kebo ya spidi.

Waya wa L unapitia taa ya chaji, na altaneta nyingi huamshwa na umeme wa taa hiyo. Balbu ikiungua, au ukiweka taa ya LED isiyo na rezista pembeni, huenda isiamke. Injini ikiunguruma utafute volti kati ya 13.8 na 14.5 kwenye betri.

Hatua ya 6: Pampu na geji

Pampu ya kabureta haitoshi kwa nozeli. Pampu ya umeme iwe na rilei yake na fyuzi yake, na rilei iendeshwe na kontroli boksi. Usiiunge moja kwa moja kwenye ufunguo. Gari likipata ajali na injini ikazima, boksi huikata pampu. Waya wa ufunguo utaendelea kumwaga petroli.

Geji za dashibodi zibaki na senda zake za zamani, yaani vipima vya kwenye injini vinavyoziendesha. Sensa ya joto ya boksi na senda ya geji ni vitu viwili, na geji ya zamani ikiungwa kwenye sensa ya boksi itasema uongo na kuivuruga boksi pia. Senda hupata ethi kupitia nyuzi zake, kwa hiyo usizijaze tepu nyeupe ya mabomba.

Hatua ya 7: Kuunga na kupitisha

Tumia terminali za kubana na koleo lake halisi, kisha mpira wa kusinyaa kwa joto. Waya uliosokotwa na kufungwa tepu utakusaliti barabarani usiku. Pitisha mbali na egzosi, na kila tundu la bati liwe na mpira.

Hatua ya 8: Umeme wa kwanza

Chomoa kontroli boksi. Unga betri huku balbu ya wati 21 ikiwa imekaa kati ya nguzo hasi na waya wa ethi. Ufunguo ukiwa umezimwa na balbu inawaka kwa nguvu, kuna shoti. Balbu itaubeba umeme huo badala ya nyaya zako, nawe utafute kwa utulivu. Ikiwa giza, unga betri kawaida, pima kila pini ya soketi ya boksi kwa mujibu wa mchoro, ufunguo ukiwa umezimwa, umewashwa, na kwenye stata. Zikikubali zote, zima na uchomeke boksi.

Toa fyuzi ya pampu, piga stata mpaka taa ya oili izime, rudisha fyuzi, washa.

Iache ipate moto mpaka feni izunguke, endesha siku chache, soma kodi za makosa zilizohifadhiwa na boksi. Ndipo uzungushe tepu ya nguo kwenye wayaringi, na mchoro ulioandika ukunje uuweke ndani ya boksi la fyuzi, kwa fundi atakayelifungua gari hili baada yako.