Jinsi ya kukaa kwenye kamati ya maji huku humwamini Mungu

Mwaka wa 9 huu mimi ni katibu wa mradi wa maji wa kijiji chetu, chini ya milima ya Taita, upande wa Voi. Kazi yangu ni madaftari matatu, muhuri mmoja, na ufunguo wa kibanda ambapo mtungi wa lita 20 hujazwa kwa shilingi 5. Jambo jingine ambalo kila mtu hapa analijua kunihusu ni kwamba siamini kuna Mungu. Sikulitangaza. Lilinitoka siku ya kumzika mume wangu, nilipomwomba mchungaji asiwaambie watu kwamba Mungu alimpenda zaidi ndiyo maana akamchukua. Aliyemchukua ni dereva wa lori.

Tangu siku hiyo vijana huja kibandani jioni, foleni ikishapungua, wakaniuliza kwa sauti ya chini: Mama Wakio, unaishi nao vipi? Wengi wao hawaamini na hawathubutu kusema. Kwenye sensa ya 2019 Wakenya 755,750 waliandikwa kuwa hawana dini, nami nimo. Karani wa sensa, kijana wa papa hapa, aliniuliza mara tatu kama nina hakika, kisha akanong'ona kwamba anaweza kuniandika Mkristo tu, "isije ikaleta shida." Nilimwambia aandike nilichosema.

Basi haya ndiyo ninayowaambia vijana.

Chagua ugomvi wako

Nilipochaguliwa katibu nilitaka kuondoa sala ya kufungua mkutano na ya kufunga, zote mbili. Nilikuja na katiba mkononi, nikawasomea kifungu cha 32, kwamba mtu asilazimishwe kufanya tendo linalopingana na imani yake. Pasta alinisikiliza kwa upole. Mzee mwenyekiti akasema, "Mama Wakio, keti." Nikaketi. Mwaka mzima uliofuata, kila nilichosema kuhusu mabomba kilisikika kama njama dhidi ya kanisa. Nilipoteza mwaka mzima kwa sababu ya dakika 7, maana nilikuja kuipima ile sala kwa saa: dakika 7, na Pasta akiwa na mafua, 4.

Sala haimalizi maji kwenye tangi. Nililielewa hilo mwaka 2022, ukame ulipokaza na ndovu wa Tsavo wakawa wanatoka kutafuta maji, wakang'oa bomba letu mara mbili. Tulichanga pesa za kulirekebisha. Siku ya kusoma hesabu, shilingi 31,000 hazikuwa na risiti. Niliuliza. Mweka hazina akainamisha kichwa, akasema, "Hali ni ngumu, wapendwa, tumwachie Mungu." Kabla sijafungua mdomo tena, mtu alikwisha kuanza kuomba. Watu wakasimama, wakafumba macho, wakasema amina, wakabeba viti vyao. Baada ya amina hakuna swali. Jaribu uone: utanyoosha mkono huku watu wanatafuta viatu.

Kwa hiyo usimpinge mtu anayeomba. Pinga sala inapowekwa mahali pa jibu. Mkutano uliofuata nilitoa pendekezo la mstari mmoja, kwamba sala ya kufunga ianze baada ya katibu kusoma maazimio yote, hesabu ikiwa ya kwanza. Sikutaja katiba wala imani yangu. Pasta ndiye aliyeunga mkono. Nani angepinga? Zile 31,000 zilirudi kwa awamu nne.

Ukitajwa uombe

Watakutaja. "Leo Mama Wakio atufungulie," halafu kicheko kidogo nyuma. Usijitetee wala usihutubie. Mimi husema, "Mimi si mtu wa sala, wazee wangu. Namwomba Ustadh atusaidie leo." Jibu hilo lilizaa jambo ambalo sikulipanga. Tuna nyumba 11 za Waislamu kwenye mradi, na kwa miaka walikuwa wakifunguliwa mikutano kwa jina la Yesu bila mtu kuwauliza. Tangu siku ile Ustadh na Pasta hupokezana zamu. Ilibidi asiye na dini ndiye alione.

Watu wakisimama, simama. Kusimama si kuamini, ni sawa na kumpisha mzee njiani. Macho usifumbe, lakini pia usikodoe kama polisi. Mimi hutazama kalamu yangu.

Mahakamani

Hapa usilegeze. Niliitwa kutoa ushahidi katika kesi ya wizi wa mita za maji. Karani akanipa Biblia, nikasema hapana, asante. Akaiweka chini, akanyoosha mkono kuchukua Kurani. Nikasema hapana, na hiyo pia. Akabaki katikati, mkono hewani, akimtazama hakimu.

Sheria ya Viapo, sura ya 15 ya sheria za Kenya, inakuruhusu kuthibitisha badala ya kuapa ukisema kwamba huna dini, au kwamba dini yako yenyewe inakataza kuapa. Mwambie wakili au karani mapema, kabla jina lako halijaitwa. Ukifika kizimbani maneno machache yanatosha: "Mheshimiwa, sina dini, naomba kuthibitisha." Uzito ni uleule wa kiapo, na ukisema uongo kosa ni lilelile. Wakili wa upande wa pili aliniuliza kama basi hakuna ninachoogopa. Nikamwambia naogopa jela.

Njia hiyo hiyo iko wazi hadi Ikulu. Viapo vya rais, wabunge na majaji vimo kwenye jedwali la tatu la katiba, na kila kimoja kinampa mhusika nafasi ya kuapa au kuthibitisha. Maneno ya kumwomba Mungu msaada ni ya anayeapa peke yake. Sijaona rais akichagua kuthibitisha, na sitegemei kumwona hivi karibuni.

Mwanasiasa madhabahuni

Mwaka wa uchaguzi kanisa hugeuka jukwaa. Mheshimiwa huja amechelewa, msafara wake hutimua vumbi hadi kwenye kwaya, hukaa mbele, kisha huinuka "kusalimia tu." Salamu huchukua nusu saa na hufungwa kwa bahasha au mabati. Katika jambo hili viongozi wa dini wenyewe wamenisaidia kuliko mtu yeyote wa upande wangu. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana alisema wanasiasa wasipewe tena mimbari. Julai 2024, vijana wakiwa barabarani, Rais Ruto alitangaza kwamba maofisa wa serikali wasishiriki harambee. Novemba mwaka huohuo alikwenda Kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, akatoa shilingi 600,000, na milioni 2 za nyumba ya padre. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kwamba zirudishwe. Ukitaka kumshawishi Mkristo kuhusu jambo hili, usianze na fikra zako. Mtajie Anyolo.

Sisi ilitupata hivi. Mwanzoni mwa 2022 mgombea mmoja aliahidi tangi la lita 10,000 katikati ya ibada ya Jumapili, watu wakapiga vigelegele. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimewashawishi wanakamati waandike kwenye kanuni zetu kwamba mchango wowote wa mradi unapokelewa kibandani, siku ya kazi, kwa risiti na saini mbili, na kwamba jina la mtoaji halipakwi kwenye tangi. Nikamwandikia mgombea, nikamshukuru, nikamwalika Jumanne.

Jumanne hakuja. Tangi halikuja.

Sitakudanganya kwamba nilishangiliwa. Kiangazi kile akina mama walitembea mbali zaidi na mitungi, na wengine walipita kwangu kwa makusudi wanionyeshe. Jirani yangu, mama wa watoto 5, aliniambia, "Kanuni zako hazinyweki." Hadi leo sina jibu zuri la kumpa. Ninachojua ni kwamba kijiji kimoja huko bondeni kilipokea tangi lenye picha ya mtu, na aliposhindwa Agosti vijana wake wakaja kulidai lirudishwe. Ukitaka kuweka kanuni kama hiyo, iweke mapema, kabla mtu yeyote hajaahidi chochote, na ujue kwamba lawama itakuwa yako peke yako.

Wakikurushia katiba, irushe nzima

Kila mjadala hufika mahali mtu akasema Kenya ni nchi ya Mungu, soma utangulizi wa katiba. Ni kweli, utangulizi unakiri ukuu wa Mwenyezi Mungu, na wimbo wa taifa unaanza kwa kumwita. Usikatae yaliyoandikwa. Mwombe tu afungue ukurasa aende kifungu cha 8, kifupi kuliko vyote nijuavyo: taifa halina dini rasmi. Mwambie: ninyi waumini ni wengi, lakini serikali si yenu. Utangulizi ni salamu. Kifungu cha 8 ni kanuni.

Jambo la Kadhi litakutega zaidi. Kabla ya kura ya maoni ya katiba mpya, Agosti 4, 2010, makanisa mengi yalipigia debe Nyekundu, rangi ya Hapana, na sababu moja ilikuwa Mahakama za Kadhi, yaani za sheria ya Kiislamu, zilizo sasa kwenye kifungu cha 170. Walidhani mtu kama mimi angejiunga nao, maana mimi sitaki mahakama ya dini yoyote. Nilipiga Kijani, yaani Ndiyo. Mahakama hizo hazikuanza 2010. Mwambao wa maili 10 ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na makubaliano ya Oktoba 1963 yaliyouunganisha na Kenya yaliahidi kwamba makadhi watabaki. Tena mamlaka yao ni finyu: ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu, kwa Waislamu waliokubali kwenda huko. Kumwondoa Kadhi na kubakiza Pasaka, Krismasi na maaskofu kwenye kila jukwaa la serikali si kutenga dini na dola. Ni dini moja kushinda nyingine, kisha mimi niitwe nipige makofi. Anayetaka kuanza kupunguza, aanze na chake.

Uliza pesa, usiulize mbingu

Februari 14, 2023 taifa lilikusanyika uwanja wa Nyayo kuombea mvua baada ya misimu mitano mfululizo kukosa. Machi mvua ikanyesha. Pasta alinitazama kwa tabasamu ambalo nililistahili. Nikamwambia Machi ni mwanzo wa masika, Pasta, na mtaalamu wa hali ya hewa naye yumo kwenye bajeti. Mwisho wa mwaka El Nino ikaleta mafuriko, na hakuna aliyejitokeza kudai sifa. Lakini nilikosea kubishana. Kuhusu mvua hutashinda, kwa sababu itanyesha tu siku moja. Swali lenye faida lilikuwa ni nani aliyelipia mahema.

Hilo lina njia yake. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuwezesha kuandikia ofisi ya umma kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, nayo inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Wakikaa kimya unakwenda kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Niliwahi kuandikia idara moja kuhusu kifungua kinywa cha maombi: mahema, viti, chai, posho. Barua iwe nusu ukurasa, isiwe na neno "Mungu" hata mara moja. Jibu lilikuja siku ya 34, likiwa na jumla moja bila mchanganuo. Niliibandika kibandani, na waliokasirika zaidi walikuwa watu wa maombi. Mama mmoja wa kikundi cha sala alisema kwa pesa zile wangeomba mwaka mzima wakiwa na chai yao wenyewe.

Vivyo hivyo kanisa la kujengwa Ikulu lililotangazwa Julai 2025. Rais alisema atatumia pesa zake. Vizuri. Ardhi je, ni ya nani?

Shule na matanga

Shuleni mtoto hupangiwa somo la dini la Kikristo, la Kiislamu au la Kihindu, basi. Binti yangu nilimwacha na la Kikristo. Nchi hii huwezi kusikiliza hotuba ya bungeni bila kumjua Nebukadneza. Nilichomwandikia mwalimu ni kimoja: asimpunguzie alama kwa kukosa ibada ya Ijumaa. Alikubali bila maneno.

Matangani nenda kila mara, nenda mapema, na ukae kwenye sufuria badala ya kwenye viti. Mtu aliyeoshewa vyombo na asiyeamini hawezi tena kusema kwamba wasioamini hawana utu, au akisema, anasema kwa sauti ndogo. Usimsahihishe mfiwa. Ukiambiwa "Bwana alitoa na Bwana ametwaa," shika mkono wake unyamaze. Mimi nilisema yangu siku ile kwa sababu mfiwa nilikuwa mimi.

Pasta na mimi bado tunabishana, kibandani zaidi, akija na mtungi wake. Mkutanoni tumezoeana. Kabla ya sala ya kufunga hunitazama kwanza, nami napitia daftari kwa kidole hadi mstari wa mwisho. Maazimio yakiwa yameisha kusomwa, namwitikia kwa kichwa, naye anafumba macho.