Jinsi ya Kutumia Msalaba Unaong'aa katika Darubini ya Bunduki

Mwindaji wa Ujerumani anayekaa juu ya dungu kando ya shamba la mahindi, akiwavizia nguruwe mwitu jioni jua likizama, hukabiliwa na shida moja: nguruwe ni mweusi, msalaba wa darubini, yaani mistari inayokatana ya kulengea, ni mweusi, na mwanga ukipungua havitofautishiki. Kwa sababu hiyo darubini nyingi za huko huwa na nukta nyekundu katikati ya msalaba, inayowashwa kwa betri ndogo, mara nyingi ya aina ya CR2032. Nukta hiyo haimmuliki mnyama. Humwonyesha mlengaji tu ulipo msalaba wake.

Maandalizi hufanywa mchana, bunduki ikiwa haina risasi. Taa ikiwa imezimwa, elekeza darubini kwenye anga tupu, mbali na jua, kisha zungusha pete iliyo upande wa jicho mpaka mistari ya msalaba ionekane bila ukungu wowote.

Jioni anza na kiwango cha chini kabisa, upandishe hatua kwa hatua, na uishie pale nukta inapoanza tu kuonekana juu ya mwili mweusi wa mnyama. Hapa ndipo wengi hukosea. Huipandisha hadi iwake kama kaa la moto, nayo hufunika sehemu wanayotaka kulenga na kuliharibia jicho mazoea yake ya giza, ambayo huweza kuchukua nusu saa kurudi. Giza likizidi, mwanga wa nukta hushushwa, haupandishwi, ingawa mkono wa mgeni hukimbilia kufanya kinyume. Mchana ni tofauti: nguruwe anapokurupushwa na mbwa na kukimbia, nukta kali pamoja na ukuzaji mdogo husaidia kumfuata, macho yote mawili yakiwa wazi.

Ukuzaji nao una hesabu yake. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji: lenzi ya milimita 56 kwa ukuzaji wa mara 8 hutoa mwali wa mwanga wenye upana wa milimita 7, unaokaribia upana wa mboni ya kijana gizani. Ukikuza mara 14 hubaki milimita 4, picha hufifia, na hakuna nukta inayoweza kufidia upungufu huo.

Sheria ya Ujerumani huruhusu nguruwe mwitu kuwindwa usiku, lakini kumtambua mnyama ni kazi ya darubini ya mkononi, si ya bunduki. Ukiona nukta vizuri bila kuona umbo zima la mnyama na kilicho nyuma yake, usifyatue.

Zima taa kila unaposhuka dunguni, na uweke betri ya akiba katika mfuko wa ndani, kwa kuwa baridi huidhoofisha. Ikiisha ghafla, msalaba uliochorwa kwenye kioo hubaki mweusi kama kawaida, na risasi huenda palepale ilipokuwa ikienda.