Jinsi ya kuchambua maana ya neno bila kuumiza kichwa

Ukipewa swali la semantiki (taaluma ya maana za maneno) usikimbilie nadharia, anza na maneno ya ukoo. Chukua shangazi na mjomba, chora jedwali, weka + (sifa ipo) na − (haipo): kizazi cha wazazi wote +, mwanamke shangazi + mjomba −, upande wa baba hivohivo. Usiweke "mtu mzima", kuna mashangazi wa miaka mitano jamani. Sasa ongeza baba mdogo, utaona jedwali linadai safu nyingine manake lazima umlinganishe umri na babako, so ongeza tu.

Huo ndo uchanganuzi wa vijenzi, yaani kuvunja maana ya neno kuwa sifa ndogondogo, kwa ukoo uko poa sana ila kwa "ndege" (wa mbawa, sio wa eapoti) unagoma, ukisema sifa yake ni kuruka mbuni utamweka wapi, na popo je? Hapo hamia nadharia ya prototaipu (mfano bora wa kundi), ya mwanasaikolojia Eleanor Rosch kule Marekani miaka ya 1970: kuna ndege wa katikati, wanaofanana sana na mfano huo, wengine wako pembeni. Pima kwa "lakini". "Ni ndege lakini haruki" inapita, "ni ndege lakini anaruka" watu watakushangaa, maana yake kuruka kunatarajiwa ila si sharti. Waulize watu wengine, usijipime mwenyewe.