Betri ya gari kuukuu: ipime mwezi wa kumi, usisubiri Januari

Wadau mlioko huku kwenye baridi, hasa nyie mliofika juzi juzi mkanunua Corolla au Civic ya 2006 kwa hela kidogo ili mradi mfike kazini, naomba tuongee kuhusu betri. Kila mwaka ikifika Januari simu zinaanza saa kumi na moja alfajiri, mtu ana shifti ya saa kumi na mbili kwenye nyumba ya wazee au ghalani, gari haiwaki, na kazi zenyewe mnazijua, ukichelewa mara chache tu jina linaondolewa kwenye ratiba. Inauma kwa sababu kitu chenyewe kinazuilika, tena mapema na kwa gharama ndogo sana.

Naandika nikiwa Minnesota, ambako usiku wa nyuzi 25 chini ya sifuri si habari ya kushangaza, ila mlioko Alberta, Ohio au Finland mambo ni yale yale.

Kwanza elewa kinachotokea mle ndani. Betri ya gari ya kawaida ni ya madini ya risasi na asidi, ina vyumba sita, kila kimoja kinatoa kama volti 2.1, ndio maana ikijaa inasoma 12.6. Umeme unatokana na kemikali na kemikali ikipoa inazubaa, ikifika nyuzi 0 za Selsiasi betri imeshapoteza kama theluthi ya nguvu zake, ikifika 18 chini ya sifuri imebaki nusu au pungufu, na wakati huohuo oili ya injini imekuwa nzito kwahiyo stata (mota inayoanzisha injini) inadai umeme mwingi zaidi kutoka kwa betri ambayo nayo imechoka. Watu wanasema baridi imeua betri, lakini muuaji mkubwa ni joto, jua la Julai linakausha maji na kula sahani za ndani (mabamba ya risasi) taratibu, baridi inakuja tu kuonyesha uharibifu uliokwishafanyika. Waulizeni ndugu zetu wa Muscat na Dubai, kule betri ya miaka miwili tayari ni mzee na theluji hawaijui. Huku tegemea miaka 3 mpaka 5, basi.

Sasa fungua boneti uangalie umri wa betri yako. Nyingi zina stika yenye mwezi na mwaka, au herufi na namba, herufi ni mwezi na namba ni mwaka, mfano C3 ni Machi 2023. Kama imepita miaka minne na hujui aliyekuuzia alikuwa anaitunzaje, anza kuiwekea hela pembeni.

Alafu nunua multimeta (kifaa cha kupimia umeme), ya bei ndogo kabisa inatosha. Pima asubuhi kabla hujawasha, gari ikiwa imelala usiku kucha. 12.6 imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, ukikuta 12.0 hapo imekaribia kuisha. Ukishaandika hiyo namba washa gari upime tena injini ikiwa inaunguruma, inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikibaki 12 na kitu wakati injini inazunguka, alternata, yaani kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka, haichaji (au mkanda wake umelegea), na hapo hata ukinunua betri ya bei mbaya utarudi palepale baada ya siku chache. Nasisitiza hili kwa sababu naona watu wengi wanabadilisha betri nzima wakati ugonjwa uko kwingine.

Volti peke yake haisemi yote, kuna betri inasoma 12.6 lakini ukiitwisha mzigo, yaani kitu kinachovuta umeme mwingi, inalala. Kwa hiyo peleka ikapimwe kwa mzigo, hapa Marekani maduka ya spea kama AutoZone na O'Reilly wanapima bure. Ila hakikisha imechajiwa kwanza, maana betri isiyo na chaji inaweza ikaonekana mbovu kumbe ina njaa tu.

Kabla hujatoa hela, angalia vichwa vya betri, pale waya zinapofungwa. Hapa ndipo gari kuukuu nyingi zinapokwama. Utakuta kichwa cha chanya kimeota unga mweupe unaoelekea bluu au kijani, mkavu, unapukutika ukiugusa, na klempu (kibanio cha waya) ukiishika kwa mkono inacheza. Unga ule unazuia umeme usipite, stata haipati kitu, na mwenye gari anaapa kwamba betri imekufa. Vaa glavu na miwani, zima gari, fungua waya wa hasi kwanza (mweusi, spana namba 10 kwa gari nyingi za Kijapani), alafu wa chanya. Koroga kijiko cha bekingi soda kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, mwagia kidogo kidogo, itatoa povu, sugua kwa brashi ya waya mpaka uone risasi inang'aa, ndani ya klempu pia usiache. Hayo maji yasiingie kwenye matundu ya betri. Suuza, kausha, rudisha chanya kwanza kisha hasi, kaza mpaka klempu isicheze hata kidogo, malizia kwa kupaka grisi au Vaseline juu ili unga usirudi haraka. Kama betri yako ina vifuniko vya kufungua chungulia maji, yakiwa chini ya sahani ongeza maji ya dukani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa (distilled water), sio ya bomba na sio asidi.

Kitu kingine kinachomaliza betri za huku ni safari fupi. Unatoka apatimenti mpaka kazini dakika nane, hita imewashwa, kioo cha nyuma kinayeyusha barafu, taa zinawaka, alternata haijapata muda wa kurudisha hata kile stata ilichokula. Wikendi itoe gari barabara kubwa nusu saa au zaidi. Kuiacha inaunguruma pakingi hakusaidii sana.

Na kama betri ni nzima, alternata ni nzima, ila kila ukiiacha siku mbili inakufa, kuna kitu kinanyonya. Redio iliyofungwa na fundi wa mtaani, taa ya buti isiyozima, kamera ya kwenye kioo. Weka multimeta kwenye amp, waya wa hasi ukiwa umefunguliwa, iunganishe katikati ya waya na kichwa cha betri, funga milango, subiri kama nusu saa mpaka kompyuta za gari zilale. Ikizidi miliamp 50 anza kuchomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke, ile iliyoshusha ndio yenye mwizi. Usijaribu kuwasha gari wakati multimeta iko hapo, utaunguza fyuzi yake.

Dalili zenyewe zinasikika. Stata ikizunguka kwa kujivuta asubuhi, taa za dashibodi zikififia ukigeuza ufunguo, hiyo ni onyo na una siku au wiki kadhaa. Ikipiga tik-tik-tik mfululizo, umeshachelewa, tafuta mtu wa kukubusti, yaani kukupa umeme wa betri ya gari lake. Kule nyumbani gari ikigoma vijana wanasukuma, unatia gia ya pili, unaachia klachi, inawaka, lakini gari nyingi za huku ni otomatiki na otomatiki haiwaki kwa kusukumwa hata waje kumi. Nunua waya za kubusti nene uziache kwenye buti. Utaratibu ni huu na usiuchanganye: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, nyekundu ya pili kwenye chanya ya gari nzima, nyeusi kwenye hasi ya gari nzima, nyeusi ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari iliyokufa, mbali na betri, kwa sababu betri inatoa gesi ya hidrojeni na cheche ikiruka pale juu inaweza kulipuka. Acha dakika tano ndipo ujaribu. Kutoa, anza na ya mwisho urudi nyuma. Na betri ikiwa imevimba, imepasuka au imeganda, jamani msiibusti wala msiichaji. Betri iliyojaa haigandi mpaka nyuzi 50 chini na zaidi, ila iliyoisha inaganda hata kwenye 10 chini ya sifuri.

Ukifika wakati wa kununua, angalia saizi kwanza. Corolla nyingi za miaka ile zinatumia 35, Camry 24F, Civic 51R, ila thibitisha kwenye kitabu cha gari au juu ya betri ya zamani, maana ukikosea vichwa vinakaa upande usio sahihi na waya hazifiki. Pili ni CCA, yaani amp ambazo betri inaweza kutoa kwa sekunde 30 kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri bila kushuka chini ya volti 7.2. Usishuke chini ya namba ya mtengenezaji, kwa sisi wa baridi kali ongeza kidogo. Tatu, soma tarehe, betri iliyokaa rafu miezi mingi usiichukue, omba nyingine. Aina ya AGM (betri ambayo asidi yake imefyonzwa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo) ni nzuri lakini Corolla ya 2006 haiihitaji, okoa hela. Mlioko Ulaya wenye gari inayojizima yenyewe kwenye taa nyekundu, nyie rudisheni aina ileile, AGM au EFB (betri ya asidi iliyoimarishwa), na BMW nyingi zinataka betri mpya isajiliwe kwenye kompyuta.

Kama unasafiri nyumbani Desemba mwezi mzima, usiiache gari pakingi hivihivi. Ichaji ijae, alafu fungua waya wa hasi uuweke pembeni usiguse kichwa. Kwenye Honda za zamani tafuta namba ya siri ya redio kabla hujafungua, bila hiyo redio haitaimba ukirudi, na vioo vya umeme huenda ukabidi uvipandishe na kuvishusha upya ili vikumbuke mwisho wake.

Betri ya zamani usiitupe jalalani. Dukani watakutoza amana, kwenye risiti imeandikwa core, ukiwapelekea ile kuukuu wanakurudishia hela yako. Risiti ipige picha uitunze kwenye simu, kwa sababu betri nyingi zina waranti ya kubadilishiwa bure kwa miaka miwili au mitatu, na bila risiti wengi hawakusikilizi.