Kuchagua kichwa cha kuunganishia karavani na pikapu: hatua kwa hatua

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumfungia karavani, yaani nyumba ya kulala inayovutwa na gari, mzee mmoja wa Masasi, mwalimu mstaafu. Aliinunua kwa msafiri wa Afrika Kusini aliyevuka nayo Daraja la Umoja pale Mtambaswala, na anataka kulala humo shambani msimu wa korosho. Karavani ni chache huku kusini, lakini hesabu zake ni zilezile kwa tela la boti la Mikindani au tela la jenereta la Lindi.

Kabla hujatoa hela, shika jambo moja: anayeamua ni yule dhaifu kuliko wote kwenye msururu. Kuna gari, chuma cha kuvutia kilichofungwa kwenye chesisi, boli (tufe la chuma lililosimama juu ya chuma hicho), kichwa cha karavani chenye kikombe kinachokaa juu ya boli, na mkono wa karavani wenyewe. Boli likiwa limegongwa chapa ya kilo 1,500, hata ukiwa na Land Cruiser unavuta kilo 1,500, basi.

Hatua ya 1: Soma vibao

Kibao cha karavani huwa kwenye mkono wake au karibu na mlango. Chukua uzito wa juu unaoruhusiwa. Uzito wa karavani tupu haukusaidii, maana hakuna anayevuta karavani tupu: kuna mtungi wa gesi, tangi la maji, godoro, sufuria. Kwenye kitabu cha gari tafuta uzito wa kuvuta, na uangalie kama ni wa tela lenye breki zake au lisilo nazo. Ulaya tela lisilo na breki linaishia kilo 750, na mimi nafuata mpaka huohuo hapa Mtwara.

Vichwa na vyuma vya Ulaya vimegongwa pia herufi D na S. S ni kilo zinazoruhusiwa kukandamiza boli kutoka juu. D ni nguvu ya kuvutana kati ya gari na tela, kwa kilonyutoni. Zidisha uzito wa gari na wa tela (vyote kwa tani, vikiwa na mzigo), gawa kwa jumla ya uzito huo, kisha zidisha kwa 9.81. Pikapu ya tani 2.9 na karavani ya tani 1.4 zinatoa takriban 9.3. Kichwa na chuma cha kuvutia vyote lazima viwe na D ya 9.3 au zaidi.

Hatua ya 2: Chagua aina

Kwa safari za lami, Mtwara hadi Masasi au kupanda Kibiti kuelekea Dar es Salaam, chukua kichwa cha kawaida cha boli la milimita 50. Ni chepesi, na vipuri vyake havikusumbui.

Kuna kichwa chenye vibao vya msuguano vinavyolibana boli ili karavani isiyumbe. AL-KO wanatengeneza. Ni kizuri, ila boli lake linatakiwa liwe kavu kabisa, bila grisi wala rangi. Ukilipaka grisi, umeua kazi yake yote.

Ndoano ya kijeshi na pete yake ina nguvu, lakini inagongagonga njia nzima. Kwenye lori sawa. Kwenye karavani yenye makabati ya mbao, mimi siifungi.

Kama njia yako ni mchanga wa Msimbati au mashimo ya shambani, kichwa cha boli kinakosa uhuru wa kujipinda gari likilalia huku na tela likilalia kule. Hapo kinafaa kichwa kinachozunguka pande zote, kama DO35 ya Australia, ambacho kimepewa kilo 3,500. Kina pini yake na hakikai kwenye boli la kawaida, kwa hiyo gari lingine haliwezi kukusaidia kuvuta ukikwama. Kama mchanga unaukuta mara chache, baki na boli.

Hatua ya 3: Pima boli, upime tena

Hapa ndipo mchana mzima ulipoishia, kwa hiyo nitakaa hapa.

Sokoni kuna maboli ya saizi tatu zinazofanana kwa macho: milimita 50, inchi 2 ambayo ni milimita 50.8, na inchi 1⅞ ambayo ni milimita 47.6. Futi ya kupimia haikuonyeshi tofauti ya milimita 0.8. Tumia venia kalipa, kifaa cha taya mbili kinachosoma hadi sehemu ndogo za milimita. Fundi asiye na venia asikufungie kichwa.

Karavani ya mwalimu ilikuwa imegongwa 50. Pikapu yake ilikuja na boli la inchi 2, lililopakwa rangi nyeusi nzito. Kikombe kilikaa, mkono wa kufungia ukashuka, lakini haukufika chini kabisa.

"Fundi, mbona imeingia?"

"Imeingia, mzee wangu, ila haijafunga."

Boli likizidi kikombe, kufuli halipiti chini ya tumbo la boli. Unaweza kuendesha mpaka Mikindani bila kuona kitu, kisha ukakuta tuta. Kinyume chake, kikombe cha inchi 2 juu ya boli la 50 kinafunga, lakini kinacheza, kinagonga, na kinajila haraka. Kibaya kuliko vyote ni kikombe cha 50 juu ya boli la 47.6: kinafunga vizuri, mkono unashuka wote, kila kitu kinaonekana salama, na siku ya bonde moja kinachomoka.

Kabla ya kupima, ondoa rangi na grisi yote, kwa kuwa rangi nayo ina unene. Pima kwenye tumbo la boli, kwanza mbele kwenda nyuma, kisha kushoto kwenda kulia. Boli linaliwa zaidi mbele na nyuma, kwa hiyo vipimo viwili vinaweza kutofautiana. Boli la 50 likifika 49 upande wowote, litoe.

Kuna watakaokushauri ulisage boli la inchi 2 kwa grinda mpaka likae. Kataa. Grinda haiachi mviringo, na boli lisilo mviringo linakula kikombe. Usikubali pia boli lichomelewe kwenye chuma: joto linabadilisha chuma chenyewe, na nyufa zake huzioni. Boli hufungwa kwa nati.

Tuliponunua boli la 50, shina lake lilikuwa jembamba kuliko tundu la sahani, kile chuma bapa kinachoshikilia boli. Vijana wakataka kujaza kwa kipande cha bomba na washa (pete bapa za nati). Hapana. Shina lazima lijae tundu, la sivyo nati inalegea kwa mtikisiko. Tulibadilisha sahani.

Mwisho wa hatua hii ni jaribio la kuinua. Unganisha, funga, kisha zungusha jeki ya gurudumu dogo la karavani upandishe pua, yaani mbele ya karavani, mpaka nyuma ya pikapu iinuke kidogo. Kichwa kikibaki kwenye boli, kimeshika. Fanya hivi kila unapounganisha, hata kama ulifungua asubuhi tu.

Hatua ya 4: Uzito wa pua na kimo

Uingereza wanashauri pua ya karavani ikandamize boli kwa asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa karavani. Kwa kilo 1,400 hiyo ni kilo 70 hadi 98, mradi usizidi S. Pua ikiwa nyepesi mno, karavani inapiga mkia. Azima mizani ya jukwaa ya kupimia magunia ya korosho, weka gogo chini ya kichwa kwa kimo cha kuvutia, zuia magurudumu kwa mawe, kisha pandisha gurudumu dogo uzito ukae kwenye mizani. Ukikosea, sogeza mizigo ndani.

Karavani ikae sawa na ardhi, au pua ishuke kidogo. Pikapu iliyoinuliwa springi inahitaji sahani ya kushusha boli.

Hatua ya 5: Waya na minyororo

Plagi ya pini saba ya taa za karavani, namba 3 ni ya ethi (waya wa kurudisha umeme), waya mweupe. Fundi umeme yeyote anaijua.

Minyororo miwili, ipishane chini ya kichwa kama msalaba, ifungwe kwenye chesisi wala si shingoni mwa boli. Waya mwembamba wa breki ya dharura nao ufungwe mahali pake peke yake. Ondoka Mtwara, ukifika Mnazi Mmoja simama, zima gari, na ukaze upya nati ya boli na bolti zote za sahani kabla ya kuishika njia ya Masasi.